Mjomba wa Deira Anajibu: Kabla Hujasaini, Soma

Nilishuka Dubai Juni 2008. Metro ilikuwa haijaanza, Burj Khalifa bado lilikuwa limezungukwa na kreni, na mimi nilikuwa na begi moja na namba ya simu ya mtu aliyeahidi kunipokea. Miaka 9 nilifunga mizigo katika ofisi ya kago, Deira, mtaa wa nyuma ya soko la Naif. Masanduku ya nguo, majokofu, vipuri vya magari, magodoro: kila kilichokwenda kwetu kwa meli kilipita mikononi mwangu. Tangu 2017 nimekaa upande wa pili wa meza, ninaandika hati za mizigo hiyo. Kaunta ya kago ni mahali ambapo watu husimulia mambo yao, maana anayefunga mzigo ama amefanikiwa, ama anarudi nyumbani. Wasomaji wameniita Mjomba, nami nimelikubali jina.

Barua za mwezi huu ni tano. Nimefupisha baadhi, na majina nimeyaacha.

Mjomba, shikamoo. Nina miaka 24 na cheti cha ufundi umeme. Kuna wakala anataka dola 1,500. Anasema atanikatia viza ya matembezi ya siku 60, nikifika huko kampuni itanibadilishia iwe ya kazi. Ananihimiza nilipe kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi zinakwisha. Baba yuko tayari kuuza kiwanja. Nisaidie mawazo. — Fundi Umeme

Marahaba, mpwa wangu. Mwambie baba kiwanja akiache kilipo.

Nianze na lililo kweli katika maneno ya wakala. Mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi anaweza kupata mwajiri na kubadilishiwa viza akiwa hukuhuku. Nawajua waliofanya hivyo na leo wana maisha yao. Lakini kati ya siku uliyoshuka na siku kibali chako cha kazi kitakapotoka, huruhusiwi kushika hata bisibisi kwa malipo. Tangu sheria ilipokazwa mwaka 2024, mwajiri anayemtumia mtu asiye na kibali hupigwa faini kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni 1. Kampuni inayojiheshimu haithubutu. Inayothubutu ni ileile itakayokula mshahara wako, kwa kuwa inajua huna karatasi ya kuishtaki nayo. Na siku zako 60 zikiisha, kila siku inayozidi ni faini ya dirhamu 50. Mwezi mmoja wa kuzubaa ni dirhamu 1,500, nawe huna kazi.

Mwaka 2016 waliingia ofisini kwetu vijana wawili. Wakala wao aliwapokea uwanja wa ndege vizuri kabisa, akawaweka chumba kimoja na wenzao sita karibu na Al Rigga, akawanunulia laini za simu. Wiki ya pili simu yake ikawa haipatikani. Mmoja wao alikuwa fundi kama wewe. Alibeba kiboksi cha vifaa vyake: koleo, mita ya kupimia umeme, patasi, kila kimoja amekifunga kwenye kitambaa. Hakuja kutuma mzigo. Alikuja kuuliza kama kuna mtu anaweza kuvinunua, apate nauli ya kurudi. Nimemfikiria sana niliposoma barua yako, ndiyo maana nakujibu kwa ukali kidogo.

Sheria ya kazi ya Emirati, yaani Falme za Kiarabu, Na. 33 ya 2021, ilianza kutumika 2 Februari 2022. Kifungu chake cha 6 kinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kupitia mtu mwingine. Kibali, viza, vipimo vya afya na kitambulisho cha ukaaji ni mzigo wa mwajiri. Kwa hiyo wakala anapokuambia dola 1,500 ni "za viza ya kampuni", anakuuzia kitu ambacho kampuni ilipaswa kukilipia.

Kazi halisi ina njia yake. Kwanza unaletewa barua ya ofa iliyotoka kwenye mfumo wa wizara ya kazi, ile watu wa hapa huiita MOHRE. Ndani yake kuna jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni ya biashara, jina la kazi yako, mshahara wa msingi, marupurupu na muda wa majaribio, ambao hauzidi miezi 6. Ukiikubali unaisaini ukiwa hukohuko nyumbani. Kisha inatoka ruhusa ya kuingia nchini kwa ajili ya kazi, yenye jina lako na jina la kampuni. Ndipo tiketi inakatwa. Mkataba utakaosaini baadaye lazima ulingane na ile ofa.

Mwombe wakala barua hiyo. Usimwombe "uthibitisho", maana atakutumia picha ya jengo refu. Mwombe barua ya ofa yenye namba, kisha uiulizie wizarani. Akikuambia itatoka ukishafika, umepata jibu lako. Na hayo ya nafasi kuisha mwisho wa mwezi yasikutie jasho: jiji hili limekuwa likijengwa tangu nilipofika na halijaacha kutafuta mafundi umeme.

Mjomba, mimi ni mhasibu. Nimepata ofa ya dirhamu 4,000 kwa mwezi, ofa ya kweli, nimeiulizia wizarani kama unavyotufundisha. Kampuni haitoi nyumba. Je, zinatosha? Nikae wapi? Nina binti wa miaka 6, ningependa nimchukue baada ya miezi mitatu. — Mama Mmoja

Hongera, mama, na ahsante kwa kuulizia kwanza.

Kabla ya kuuliza kama 4,000 zinatosha, rudi kwenye ofa utafute mstari mmoja: mshahara wa msingi. Hizo 4,000 huenda zimegawanywa, msingi kiasi fulani, nyumba kiasi fulani, usafiri kiasi fulani. Mwisho wa mwezi huoni tofauti, zote zinaingia benki pamoja. Tofauti utaiona siku ya kuondoka.

Nikuambie yangu. Mkataba wangu wa 2008 ulisema dirhamu 2,000. Nilifurahi, nikasaini. Ndani yake msingi ulikuwa 800, zilizobaki 1,200 zikaitwa marupurupu. Kiinua mgongo hapa huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 za mshahara kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Kwa miaka yangu 9 zilikuwa siku 105 na siku 120, jumla 225. Msingi wa 800 ni kama dirhamu 26 na kitu kwa siku. Nikapewa 6,000. Kama msingi ungekuwa zile 2,000 zote, ningeondoka na 15,000. Nilipoteza 9,000 kwa mstari mmoja ambao sikuusoma. Waajiri wangu hawakuvunja sheria yoyote, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Kwa hiyo kama msingi wako ni 1,500, waandikie sasa uombe upandishwe. Kabla ya kusaini una sauti. Ukishasaini sauti hiyo hupungua sana.

Sasa nyumba. Kwa 4,000 usifikirie nyumba ya peke yako mwaka wa kwanza. Kodi hapa hutajwa kwa mwaka, na mara nyingi hulipwa kwa hundi chache zenye tarehe za mbele, mbili au nne. Chukua mfano wa chumba kimoja cha 40,000 kwa mwaka: dalali huchukua kama asilimia 5, yaani 2,000; dhamana ya mwenye nyumba asilimia 5 nyingine, 2,000; dhamana ya umeme na maji kwa shirika la DEWA ni 2,000 kwa fleti. Hizo ni 6,000 kabla hata hujatoa hundi ya kwanza ya kodi. Na mkataba wowote lazima usajiliwe Ejari, mfumo wa serikali wa mikataba ya kodi, usikubali usioandikishwa.

Watu wengi wa kipato chako hukodi kitanda kwenye chumba cha pamoja. Hapa huitwa bedspesi. Kitanda cha heshima kwenye chumba cha wanawake Deira au Bur Dubai kinaweza kukugharimu kama 800, umeme na intaneti ndani. Nenda ukione kwa macho. Hesabu vitanda, fungua jokofu, uliza wanaoingia kazini usiku ni wangapi. Jihadhari na vyumba vilivyokatwa kwa mbao za jasi vikawa kibanda hapa na kibanda pale. Ni hatari moto ukizuka, na Juni 2025 manispaa iliendesha msako wa vyumba hivyo maeneo kama Al Rigga, Al Muraqqabat na Satwa. Watu walijikuta nje na mabegi yao. Muulize anayekukodisha kama jina lako litaandikishwa miongoni mwa wakazi wa ile fleti. Akianza kuzunguka, ondoka.

Utaambiwa Sharjah ni nafuu. Ni kweli. Lakini Sharjah ni emirati nyingine ndani ya nchi hii na metro haifiki, na barabara ya Al Ittihad asubuhi itakula saa zako kila siku ya kazi. Nilikaa huko mwaka mmoja na nusu. Nilichookoa kwenye kodi nilikilipa kwa usingizi. Kama ofisi yako iko karibu na kituo cha metro, kaa karibu na metro, hata kama bei ya kitanda imezidi kwa dirhamu 150.

Hesabu ya mwezi basi iwe hivi: kitanda 800, kadi ya usafiri ya Nol ya siku 30 ya kanda zote 350 (kanda mbili ni 230), chakula 700 ukipika mwenyewe, simu 150. Hiyo ni 2,000, unabaki na 2,000. Zinatosha kwa mtu mmoja mwenye mpango. Hakuna kodi ya mapato inayokatwa, ila kuna dirhamu 5 za kila mwezi za bima ya kupoteza kazi, ambayo ni lazima. Usipojiunga faini ni 400. Bima ya afya ni juu ya mwajiri, na sheria ya Dubai haimruhusu kukukata mshahara kwa ajili hiyo. Njoo na fedha za kukutosha wiki 6, kwa maana mshahara wa kwanza hauji siku ya kwanza.

Nimeliacha la mtoto mwisho kwa sababu ni gumu. Kiwango cha mshahara kinachotakiwa ili kumdhamini mwanafamilia ni 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Kwa kipimo hicho umefika kwenye mstari, ila hakikisha kwanza na uhamiaji. Mama anapomdhamini mtoto huombwa pia ridhaa ya baba kwa maandishi. Lakini hapo karatasi ndiyo sehemu nyepesi. Kitanda cha kukodi hakipokei mtoto. Shule kwa watoto wa wageni kwa kawaida ni za binafsi, na ada yake kwa mwaka inaweza kumeza miezi kadhaa ya mshahara wako. Shule inafungwa alasiri, ofisi yako inafungwa jioni, katikati hapo nani atakuwa naye? Nyumbani kuna bibi, kuna shangazi, kuna jirani. Hapa jirani yako hutamjua jina.

Miezi mitatu haitoshi, mama. Jipe mwaka mzima, upite muda wa majaribio, uongezwe mshahara au upate mwenzako wa kushirikiana naye nyumba. Najua mwaka kwa mtoto wa miaka 6 ni mrefu. Atang'oka meno wewe hupo. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusoma nikiwa huku, nikamsikia kwenye simu akiunganisha silabi. Sikufichi kuwa inauma. Ila nimeona pia kinamama waliowaleta watoto mapema, wakawafungia ndani na televisheni kutwa, na baada ya miezi mitano wakawarudisha nyumbani, mama na mtoto wakilia wote wawili. Kwa simu za picha, usitegemee WhatsApp: ujumbe unapita, simu zake hazipiti hapa. Wengi hutumia Botim. Iweke kwenye simu ya bibi yake kabla hujaondoka, na mfundishe kuitumia.

Mjomba, kijana wangu anasafiri wiki ijayo, viza ya kazi anayo. Ana maumivu ya mgongo, nimemnunulia tramadol za miezi miwili. Na rafiki yake aliye huko ameomba miraa kidogo tu, zimefungwa vizuri. Kuna ubaya? — Mzazi

Ubaya upo, mzazi mwenzangu, tena mkubwa. Miraa ni marufuku katika Emirati kama dawa nyingine za kulevya. Hakuna "kidogo tu". Huyo rafiki anayeagiza anajua hivyo, na anayebeba begi ndiye atakayekamatwa.

Tramadol ni dawa inayodhibitiwa hapa, sawa na dawa nyingi zenye kodeini. Mtu anayeihitaji kweli huomba idhini ya serikali ya Emirati kabla ya kusafiri, akiwa na cheti cha daktari na karatasi ya dawa. Kama idhini haijatoka, asibebe hata kidonge kimoja. Akafike, bima yake ianze, aende kwa daktari wa hapa.

Na begi alifunge yeye mwenyewe kwa mikono yake, nawe ukiwa umesimama pembeni. Bahasha ya mtu, kifurushi cha mtu, zawadi ya mtu, vyote vibaki.

Mjomba, nafanya kazi za ndani. Nililetwa na ofisi ya Tadbeer, inayoleta wafanyakazi wa ndani, nina miezi minne. Pasi yangu bosi ameifungia kabatini. Sijawahi kupata siku ya mapumziko hata moja. Mshahara wa miezi miwili sijalipwa, nikiuliza anasema subiri. Rafiki yangu ananiambia nitoroke, kuna kazi za usafi za siku kwa siku Ajman, wanalipa zaidi. Naandika usiku watoto wakishalala. — Dada wa Kazi

Barua hii tuliijibu kwa simu siku ileile ilipofika. Naichapisha kwa ruhusa yake, kwa kuwa najua wapo wengine wanaosoma gazeti hili kwenye simu, taa imezimwa, kama alivyosoma yeye.

Dada yangu, hizo siyo hisani unazoomba. Wafanyakazi wa ndani wana sheria yao, Na. 9 ya 2022, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo. Unastahili siku moja ya mapumziko kila wiki, yenye malipo. Unastahili saa 12 za kupumzika kila siku, na 8 kati yake ziwe mfululizo. Mshahara ulipwe ndani ya siku 10 tangu ulipostahili kulipwa. Na pasi ni yako. Mwajiri haruhusiwi kuizuia, hata akikuambia anakutunzia isipotee.

Usitoroke. Nalisema hili kwa uzito nilionao wote. Ukitoka tu mlangoni bila kushtaki, kafili, yaani bosi aliyekudhamini, ataripoti kuwa umeacha kazi, na kuanzia hapo mwenye kosa kwenye karatasi ni wewe. Miezi yako miwili itapotea. Viza itafutwa, faini zitaanza kuhesabiwa, na hao wa Ajman wanaolipa "zaidi" watakulipa wanavyotaka siku wanayotaka, maana watajua huwezi kwenda popote. Nimewafungia mizigo kinadada walioishi hivyo miaka minne, mitano, wanaogopa hata kuumwa. Wengi wao walianza na bosi kama wako na rafiki kama wako.

Piga picha mkataba wako, ukurasa wa pasi ukipata nafasi, kitambulisho chako pande zote mbili, na uzitume kwa ndugu nyumbani. Andika tarehe: siku uliyofika, siku uliyolipwa na kiasi gani, siku ulizodai. Kisha piga 80084, ni namba ya wizara ya kazi ya madai na ushauri. Ofisi iliyokuleta nayo haijamaliza kazi yake: upo ndani ya miezi 6 ya majaribio na bado inawajibika kwako. Wapigie, useme sentensi moja, "Nimefungua madai wizarani," uone watakavyoamka. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi mdogo hapahapa Dubai. Jiandikishe kwenye wa nchi yako. Na kama kuna mkono unaoinuliwa dhidi yako, au mlango unafungwa kwa ufunguo usitoke, hapo usisubiri wizara. Piga polisi, 999. Kutoka nje kuokoa mwili wako na kwenda moja kwa moja polisi au ubalozini hakufanani na kutoroka kwenda Ajman.

Jambo dogo la kuongeza: usiwarekodi watu wa nyumba hiyo kwa video ukaitupa mitandaoni, hata kama una hasira ya haki. Sheria ya makosa ya mtandao ya hapa, Na. 34 ya 2021, inalinda faragha ya mtu ndani ya nyumba yake, na ushahidi wako unaweza kugeuka kuwa kesi yako. Ushahidi peleka wizarani.

Amepiga wiki iliyopita. Pasi iko mkononi mwake. Mshahara wa mwezi mmoja umelipwa, wa pili bado unafuatiliwa. Ijumaa alitoka kwa mara ya kwanza, akapanda mashua ya abra kuvuka mkono wa bahari wa Creek kwa dirhamu 1, akaenda na kurudi mara tatu.

Mjomba, nimefanya kazi ghala moja miaka 11. Mshahara 2,800, msingi 1,500. Kampuni imepunguza watu, nimepewa notisi ya siku 30. Nina deni la kadi ya benki, 18,000. Wenzangu wanasema nichukue kiinua mgongo, nipande ndege kimya kimya, deni litajifia. Nifanyeje? — Mtu wa Ghala

Pole sana, ndugu yangu. Miaka 11 ni sehemu ya maisha ya mtu, na barua ya notisi huisoma kwa dakika moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo tufungue daftari. Msingi wa 1,500 ni dirhamu 50 kwa siku. Miaka 5 ya kwanza siku 105, miaka 6 iliyofuata siku 180, jumla 285. Kiinua mgongo chako ni 14,250, na siku za likizo ulizobakiza ni juu ya hapo. Sheria inawataka wakulipe ndani ya siku 14 tangu mkataba kwisha. Sasa ile bima ya dirhamu 5 ambayo watu huilalamikia: kama umechangia miezi 12 mfululizo na umeondolewa bila kosa, inakulipa asilimia 60 ya msingi kwa muda usiozidi miezi 3. Kwako ni 900 kwa mwezi, yaani 2,700. Lakini lazima udai ndani ya siku 30 tangu upoteze kazi. Usisubiri mpaka umalize kuhuzunika. Jumla ni 16,950, na deni ni 18,000. Umeona? Hujafilisika. Umepungukiwa kama 1,000, na likizo yako pengine inaziba.

Wenzako wanaokuambia upande ndege hawatakuwa nawe uwanjani. Benki inayodai zaidi ya 10,000 inaweza kuomba mahakama ikuzuie kusafiri, na watu wengi huligundua hilo wakiwa wameshapima mizigo. Hata ukipita leo, deni la kadi linaendelea kupanda, na mlango wa Dubai unakuwa umejifungia. Wewe una uzoefu wa ghala wa miaka 11. Huenda mwakani ukaitwa tena.

Nenda benki kabla benki haijakufuata. Wakisikia umeachishwa kazi, wanaweza kushikilia fedha za kiinua mgongo mara zinapoingia. Ukitangulia wewe, ukaenda na barua ya notisi na hesabu hii, unaomba riba isimamishwe na deni lifungwe kwa mkupuo kwa kiasi pungufu. Benki hupunguza, hasa kwa anayekuja mwenyewe. Wakikubali, chukua kwa maandishi, na ukishalipa dai barua ya kuthibitisha huna deni. Kadi ikate mbele yao. Viza ikifutwa utapewa siku za kutafuta kazi nyingine au kujiandaa kuondoka. Uliza ni ngapi kwa aina ya viza yako, uiandike tarehe hiyo mahali unapoiona kila asubuhi.

Kuna karatasi moja itakuja, na hii ndiyo iliyonifanya nichague barua yako. Ili viza ifutwe utatakiwa usaini fomu inayosema umepokea haki zako zote. Watu huletewa wakiwa wima, mlangoni, gari linawasubiri, na kalamu wanapewa. Mwaka 2017 mimi niliisaini hivyo, sikujua hata ile hesabu ya siku 225. Wewe waambie hutasaini mpaka fedha zionekane benki. Sema kwa adabu, usigombane, lakini usisaini. Wakikutisha, ile namba ya 80084 ni yako pia.

Siku wakikuita, nitumie ujumbe kupitia gazeti. Nitaomba ruhusa ofisini nije tukae wote wawili tuisome, mstari kwa mstari.